Mvumo wa Chaja Katika Muziki: Kuutambua na Kuuondoa Bila Kuhatarisha Maisha

Mtu mwenye kompyuta mpakato, maikrofoni moja, kadi ya sauti ya nje na jozi ya spika anaweza leo kurekodi kwaya, kaswida au wimbo wa kizazi kipya akiwa chumbani kwake. Kazi huanza vizuri wakati betri imejaa. Betri inapopungua na chaja ikachomekwa, spika huanza kuvuma, na mvumo haukomi hadi chaja ichomolewe. Wengi hudhani kwamba kompyuta imeharibika. Wengine huilaumu kadi ya sauti na kununua nyingine, kisha hushangaa kuukuta mvumo uleule. Wapo pia wanaopokea ushauri ulio mbaya zaidi, nao ni kung'oa pini ya ethi kwenye plagi ili spika zinyamaze.

Katika sura hii tunaeleza mvumo huo unatoka wapi, jinsi mtumiaji anavyoweza kuutafuta mwenyewe bila vyombo vya fundi, na hatua za kuuondoa kuanzia zile zisizo na gharama. Mambo mawili tunataka msomaji ayashike tangu mwanzo. La kwanza, mara nyingi mvumo wa chaja hauna maana kwamba kifaa chochote kimeharibika, hivyo si sababu ya kununua kifaa kipya kabla ya kufanya majaribio. La pili, hakuna mvumo wowote unaostahili kuondolewa kwa kukata ethi.

Kuitambua sauti yenyewe

Sauti zinazosumbua ni za aina mbili, na kuzitofautisha hurahisisha kazi.

Aina ya kwanza ni mvumo mzito, mfano wa nyuki wengi ndani ya mzinga. Umeme wa gridi nchini Tanzania ni wa volti 230 na hubadili mwelekeo kwa masafa ya Hezi 50. Kwa hiyo mvumo unaotokana nao husikika kwenye Hezi 50, 100, 150 na kuendelea. Sauti hii haibadiliki: mtumiaji akifungua programu au akiifunga, inabaki vilevile.

Aina ya pili ni mlio mwembamba, mfano wa mbu karibu na sikio, au mikwaruzo inayopanda na kushuka. Mlio huu hubadilika kompyuta inapofanya kazi: kipanya kinaposogezwa, ukurasa unapoteremshwa, au programu nzito inapofunguliwa. Hii ndiyo sauti inayoelekea zaidi kutoka kwenye chaja na saketi za kompyuta yenyewe.

Chaja inavyofanya kazi

Chaja ya kompyuta mpakato hupokea umeme wa soketi na kuubadili kuwa umeme wa mkondo mnyoofu, kwa kawaida wa volti 19 au 20. Ili iwe ndogo na nyepesi, haitumii transfoma kubwa kama chaja za zamani. Badala yake hukata umeme vipandevipande, makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde au zaidi, na kuupitisha katika transfoma ndogo. Masikio ya binadamu hayasikii masafa ya juu kiasi hicho. Hata hivyo, mahitaji ya kompyuta yanapopanda na kushuka, chaja hulazimika kujirekebisha, na marekebisho hayo huzaa sauti za chini zaidi ambazo tunazisikia.

Chaja nzuri ina vichujio vya kuzuia uchafu huo usitoke nje. Chaja bandia au ya bei ya kutupa mara nyingi hupunguziwa vichujio hivyo, kwa kuwa mnunuzi hawezi kuviona. Kompyuta itachaji kama kawaida, lakini spika zitasema ukweli.

Jambo la pili la kufahamu ni ethi. Chaja nyingine zina waya wa ethi na nyingine hazina. Ni rahisi kuzitambua: angalia mahali waya wa ukutani unapoingia kwenye boksi la chaja. Penye matundu matatu kuna nafasi ya ethi. Penye matundu mawili tu hakuna. Chaja isiyo na ethi hubeba alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, kuonyesha kwamba usalama wake unategemea tabaka mbili za kuzuia umeme.

Kila aina huleta mvumo kwa njia yake.

Katika chaja yenye ethi, ethi ya ukutani mara nyingi huunganishwa na upande hasi wa umeme unaoingia kwenye kompyuta. Upande huo hasi hupita kwenye waya wa USB hadi kadi ya sauti, kisha kwenye wavu wa waya wa spika. Ikiwa spika nazo zina plagi yenye ethi, basi ethi imefika mahali pamoja kwa njia mbili, na njia hizo hufanya duara. Tofauti ndogo ya volti kati ya soketi mbili hutosha kupitisha mkondo katika duara hilo. Katika waya wa kawaida wa sauti, wavu huo ndio pia njia ya kurudia ya ishara ya muziki. Hivyo mkondo mgeni huchanganyika na muziki, na spika huukuza pamoja nao.

Katika chaja isiyo na ethi, kapasita ndogo inayounganisha upande wa soketi na upande wa kompyuta kwa ajili ya kuchuja uchafu huruhusu mkondo mdogo sana kupenya. Ndiyo sababu baadhi ya watu huhisi msisimko kama wa sisimizi wanapopitisha kidole juu ya kompyuta yenye bodi ya chuma inayochajiwa. Kiwango cha kimataifa cha usalama cha IEC 60950-1 kiliweka kikomo cha robo ya miliampea kwa mkondo huo katika vifaa visivyo na ethi, kiasi ambacho si cha kudhuru. Lakini mkondo huo hutafuta njia ya kwenda ardhini, na ukiipata kupitia kadi ya sauti na waya wa spika, husikika. Msisimko mwepesi ni wa kawaida. Mshtuko wenye maumivu si wa kawaida: chomoa chaja ukutani mara moja, na usiitumie tena hadi fundi aikague.

Majaribio ya kutafuta chanzo

Majaribio haya hayahitaji kufungua kifaa chochote. Punguza sauti ya spika kabla ya kuchomeka au kuchomoa waya, kwa sababu mshindo wa ghafla unaweza kuharibu spika na masikio.

1. Panga vifaa kama unavyovitumia, huku kompyuta ikichajiwa na muziki ukiwa umesimamishwa. Pandisha sauti hadi usikie mvumo. Sasa chomoa chaja kwenye kompyuta. Mvumo ukikoma, chanzo ni chaja au duara la ethi linalopitia chaja. Mvumo ukibaki, iache chaja: kagua nyaya zilizolegea, taa zenye swichi ya kupunguza mwanga, simu iliyo karibu na gitaa, au spika zenyewe.

2. Rudisha chaja. Chomoa nyaya za spika kwenye kadi ya sauti na usikilize kwa hedifoni zilizochomekwa kwenye kadi hiyohiyo. Hedifoni zikiwa kimya ilhali spika zilikuwa zikivuma, tatizo ni duara kati ya kompyuta na spika. Hedifoni nazo zikivuma, uchafu unaingia kwenye kadi yenyewe kupitia waya wa USB au nyaya za maikrofoni na gitaa.

3. Rekodi ukimya wa sekunde 10 chaja ikiwa imechomekwa, kisha sekunde 10 nyingine kwa betri. Sikiliza vipande vyote viwili kwa hedifoni, kwa kiwango kilekile cha sauti. Jaribio hili ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa sababu linaonyesha kama mvumo umo ndani ya kazi yako au unasikika kwenye spika tu. Wapo waliorudia kurekodi wimbo mzima ilhali rekodi yao ilikuwa safi tangu mwanzo.

4. Kama unaweza kuazima chaja nyingine halisi ya kompyuta ya aina hiyohiyo, ijaribu. Mlio mwembamba ukitoweka, chaja yako ndiyo yenye kasoro.

Andika matokeo ya kila jaribio. Yatakusaidia kuchagua suluhisho, na yatakuwa ushahidi endapo utalazimika kuirudisha chaja dukani.

Hatua za kuondoa mvumo

Tumezipanga kwa kufuata gharama. Anza na ya kwanza, na usiende kwenye inayofuata kabla hujahakikisha kwamba iliyotangulia haikutosha.

*Chomeka vifaa vyote mahali pamoja.* Kompyuta, spika na mikisa zikichukua umeme kwenye ekstensheni moja yenye ethi, tofauti ya volti kati ya ethi zao hupungua sana, na mara nyingi mvumo hupungua nao. Hakikisha ekstensheni hiyo ina waya wa ethi kweli. Ziko ekstensheni zenye matundu matatu kwa sura, lakini waya wake una nyuzi mbili tu ndani. Vifaa vya kurekodia vya nyumbani hutumia umeme mdogo, hivyo ekstensheni moja nzuri hutosha. Usichomeke humo pasi, jiko wala birika.

*Tenganisha nyaya.* Weka boksi la chaja mbali na kadi ya sauti na nyaya za maikrofoni. Pale ambapo waya wa umeme na waya wa sauti lazima zikutane, zipishane kama msalaba badala ya kulala sambamba.

*Rekodi kwa betri.* Jaza betri kabla ya kazi, na uchomoe chaja wakati wa kurekodi sauti za waimbaji au gitaa. Chaja irudi wakati wa kuhariri. Suluhisho hili halina gharama, na kwa mtu anayerekodi saa moja au mbili kwa siku linaweza kumtosha kabisa.

*Badili nyaya za spika.* Huu ndio ununuzi mdogo wenye faida kubwa zaidi pale jaribio la pili linapoonyesha duara la ethi. Zipo nyaya ambazo ndani yake mna nyuzi mbili za ishara na wavu wa kuzizunguka. Uzi mmoja hubeba ishara, na mwingine hubeba ishara hiyohiyo ikiwa imegeuzwa. Spika hupima tofauti kati ya nyuzi hizo mbili, na uchafu ulioingia kwenye zote kwa pamoja hujifuta. Nyaya hizo huwa na plagi ya pini tatu kama ya maikrofoni, au jeki nene ya milimita 6.35 yenye miviringo miwili myeusi. Jeki yenye mviringo mmoja ni ya waya wa kawaida. Kabla ya kununua, soma maelezo ya kadi na ya spika, kwa kuwa njia hii hufanya kazi pale tu pande zote mbili zimeundwa kwa ajili yake. Tundu dogo la hedifoni la kompyuta halimo katika kundi hili: jeki yake ina miviringo miwili, lakini hiyo ni kwa ajili ya spika ya kushoto na ya kulia.

*Tumia transfoma ya kutenganisha sauti.* Ikiwa spika au mikisa haina sehemu ya kupokea nyaya hizo, weka kati ya kadi na spika kifaa chenye transfoma ndogo. Ishara ya muziki huvuka kwa nguvu ya sumaku bila nyaya za pande mbili kugusana, na duara hukatika. Visanduku vya DI vinavyotumiwa majukwaani vingi huwa na swichi ya kutenganisha ethi. Swichi hiyo ni salama, kwa sababu hukata wavu wa waya wa sauti peke yake. Ethi ya umeme wa ukutani hubaki mahali pake.

*Tumia kitenganishi cha USB kwa uangalifu.* Vipo visanduku vinavyotenganisha umeme wa kompyuta na ule wa kadi ya sauti kwenye waya wa USB. Vingi vya bei nafuu hupitisha data kwa kasi ya megabiti 12 kwa sekunde tu, ilhali kadi nyingi za sauti huhitaji megabiti 480. Ukinunua bila kuuliza, huenda kadi isitambulike kabisa. Uliza kasi yake, na uliza pia kama kinaweza kuipa kadi yako umeme wa kutosha.

*Badili chaja.* Hatua hii ni ya lazima pale tu jaribio la nne linapothibitisha kwamba chaja ndiyo yenye kasoro.

Kwa wanaotumia umeme wa jua au jenereta, tunaongeza neno moja. Baadhi ya inveta za bei nafuu hutoa umeme ambao wimbi lake limekatwa ngazingazi badala ya kupanda na kushuka kwa ulaini, na wimbi la namna hiyo huongeza mvumo katika vifaa vya sauti. Kabla ya kubadili chaja au spika, jaribu vifaa vyako kwenye umeme wa gridi. Mvumo ukitoweka, umeshapata jibu.

Mambo yasiyofaa kufanywa kamwe

Kukata ethi hunyamazisha mvumo mara nyingi, na hapo ndipo hatari ilipo, kwani jambo linaloonekana kufanya kazi hurudiwa na kufundishwa kwa wengine.

Ethi ina kazi moja: waya wenye umeme ukichomoka ndani ya spika au amplifaya na kugusa bodi ya chuma, mkondo mkubwa hukimbilia ardhini, fyuzi huungua au swichi kuu hujikata, na kifaa huzimika. Ethi ikiwa imeng'olewa, hakuna kinachozimika. Bodi hubaki na volti 230, na kupitia wavu wa waya wa sauti volti hizo hufika kwenye nyuzi za gitaa na kwenye bodi ya maikrofoni. Mpigaji anayeshika gitaa kwa mkono na kugusa maikrofoni kwa mdomo anakuwa yeye mwenyewe ndiye waya. Mwaka 1972, mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifariki dunia jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kupigwa na umeme alipogusa maikrofoni ambayo ethi yake haikuwa sawa.

Kwa hiyo tunasisitiza:

- Usikate, usivunje wala usifunike kwa utepe pini ya ethi ya plagi yoyote.
- Usifungue soketi kwa kusukuma tundu la ethi kwa kalamu au kijiti ili kuingiza plagi ya pini mbili. Badili waya au tumia adapta iliyo salama.
- Usiunganishe waya wa ethi kwenye bomba la maji wala kwenye waya mwingine wa soketi.
- Ikiwa unahisi mshtuko unapogusa spika, mikisa au maikrofoni, zima umeme ukutani na uache kazi. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA apime ethi ya nyumba. Nyumba isiyo na ethi ni hatari kwa kila aishiye humo, apige muziki asipige.

Unaponunua chaja

Beba chaja ya zamani dukani na ulinganishe maandishi yake na ya ile mpya. Volti za kutoa lazima zilingane na zile ambazo kompyuta yako inahitaji. Ampea ziwe sawa au zaidi, zisiwe pungufu. Kwa mfano, chaja iliyoandikwa volti 20 na ampea 3.25 ina wati 65.

Kisha kagua waya wa ukutani. Kama boksi la chaja lina matundu matatu, waya nao uwe wa matundu matatu, na plagi yake iwe na pini ya ethi ya chuma iliyo imara. Plagi ya pini tatu bapa inapaswa kuwa na fyuzi ndani. Kwa waya wa kompyuta, fyuzi ya ampea 3 au 5 ndiyo inayofaa. Jihadhari na chaja nyepesi kupita kiasi, yenye maandishi yaliyokosewa au yanayofutika kwa kidole, au inayouzwa kwa jina la mtengenezaji maarufu kwa bei isiyoelekea.

Mweleze muuzaji kwamba utaitumia chaja kurekodi muziki, na umwombe aandike kwenye risiti aina ya chaja, tarehe na muda wa kuirudisha. Maneno ya mdomo husahaulika siku ya mgogoro.

Endapo umeuziwa chaja yenye kasoro

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya udanganyifu na upotoshaji katika biashara. Chaja iliyouzwa kuwa halisi kumbe ni bandia si suala la bahati mbaya ya mnunuzi. Anza kwa kurudi dukani ukiwa na risiti, chaja yenyewe na maandishi ya majaribio yako. Eleza unachotaka: kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Muuzaji akikataa, peleka malalamiko kwa maandishi Tume ya Ushindani. Ikiwa bidhaa yenyewe ni hatari, kwa mfano imetoa moshi, imeyeyuka au imempa mtu mshtuko, toa taarifa pia kwa Shirika la Viwango Tanzania, na usiitupe wala kuifungua, kwa kuwa ndiyo ushahidi.

Anayefanya majaribio manne tuliyoyaeleza kabla ya kwenda dukani atajua anachohitaji, na mara nyingi atagundua kwamba ni waya mmoja tu, au ekstensheni moja yenye ethi ya kweli.